Metre na Fungo wa Bwera

Ukitaka kumkasirisha Metre, neno moja lilitosha: paka. Ungemwambia kwamba paka mwitu amepita nyuma ya jiko lako, naye angeweka kikombe chini, akafuta midomo kwa kitambaa, akaanza.

"Haiko paka. Paka inaficha makucha yake mu kidole, inakupiga bila wewe kujua. Fungo inatembea na makucha inje, kila mutu anaona. Enda angalia mguu yake mu matope. Vidole tano, makucha tano. Paka, vidole ine, makucha hakuna. Sasa nani iko na adabu?"

Hakuna aliyewahi kumjibu swali hilo. Watu wa Bwera walikuwa na kuku, na mwenye kuku hana haja ya kujua adabu ya mnyama anayemla kuku wake.

Metre ndivyo Wakongomani wanavyomwita mwalimu. Alikuwa na jina lake la ubatizo na jina la nyumbani, yote mawili yameandikwa kule misheni, lakini sikumsikia mtu akiyatumia. Alivuka mto Lubiriha, mpaka wa Kongo na Uganda, pamoja na watu wa Beni na Butembo waliokimbia vita katikati ya miaka ya sitini, na shule yetu ya misheni, iliyokuwa kilimani juu ya Bwera, ikampokea afundishe nyimbo na kilimo cha bustani. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, msichana wa Maliba niliyetoka chuoni na sanduku la bati na viatu vilivyonibana. Nyumba yake na yangu ziligawana ua mmoja.

Siku niliyofika nilimkuta amepiga magoti katikati ya njia ya shule. Alivaa shati jeupe, tai, na koti jeusi ambalo nilikuja kujua ndilo koti lake pekee. Mbele yake palikuwa na rundo kubwa la mavi, na yeye alikuwa akiyachambua kwa kijiti, polepole, kama mama anayechambua mchele. Nilidhani mtu huyu ni mgonjwa wa akili na nikaanza kuzunguka kwa mbali.

"Mademazeli, karibu," akasema bila kuinua kichwa. "Usikanyage. Hapa ni posta."

"Posta?"

"Posta ya fungo. Mbwa inatupa mavi yake popote, sawa mulevi. Fungo inachagua pahali moja, inarudi hapo mwaka yote. Na ingine inapita, inanusa, inaacha habari yake. Nani amepita, nani iko mugonjwa, nani anatafuta bibi. Yote iko hapa." Akaniinulia kijiti. Kwenye ncha yake palikuwa na pete nyeusi inayong'aa. "Jongoo. Kuku inaikataa, mbwa ikiionja inatapika, juu ya sumu yake. Fungo inakula jongoo sawa biskuti."

Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa kazini. Kabla sijajua jina la mwalimu mkuu nilikuwa nimeshajua kwamba fungo hula jongoo, vyura, panya, mayai, mizoga, tini zilizoanguka na kahawa iliyoiva, na kwamba akiwinda hatumii miguu ya mbele kama paka, bali huuma, huruka nyuma, kisha huuma tena, kwa sababu ni mwoga na anajua kwamba ni mwoga. Metre aliuheshimu sana woga huo. "Nyama yenye kuogopa inazeeka," alisema. Kwao nyama ni mnyama, awe hai au awe kwenye sufuria, na ilinichukua muda kuzoea kusikia akisema kwamba anapenda nyama kuliko watu.

Maneno hayo hayakuwa kweli, lakini alipenda kuyasema.

Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwake. Nyumbani Maliba tulisema Lhukonzo, chuoni Kiingereza, na Kiswahili tulikiachia askari na wachuuzi. Metre hakujua Kiingereza cha kutosha hata kununua kiberiti, kwa hiyo mimi ndiye niliyelazimika kumfuata. Miaka mingi baadaye, nilipoishi Tabora na mume wangu, wanawake wa kule walishika mbavu kwa kucheka kila niliposema mutu na mutoto na beko badala ya mtu na mtoto na wako. Waliniuliza ni nani aliyenifundisha. Niliwaambia ni mwungwana mmoja mwenye tai.

Na kweli alikuwa mwungwana, wa aina yake. Kila asubuhi alipiga pasi shati lake kwa makaa, kisha akavua viatu, akavifunga kamba na kuvitundika shingoni, akatembea peku hadi mlango wa shule ili asiharibu nyayo zilizoachwa njiani usiku. Alikuwa bahili wa sukari. Mgeni alipewa kijiko kimoja, na ukiomba cha pili alijifanya hakusikii. Aliogopa paka wa nyumbani kiasi cha kupanda kitini. Aliogopa radi pia. Lakini pua yake ilikuwa ya ajabu. Fungo ana kifuko chini ya mkia chenye mafuta mazito, ndiyo zabadi ambayo watu wa zamani walitia katika manukato, naye huyapaka kwenye miti na nguzo anazopita, na harufu hubaki hapo wiki hadi wiki. Metre angekuwa anakueleza habari ya mshahara uliochelewa, ghafla asimame kando ya nguzo ya ua, ainame, avute pumzi. "Dume. Ya juzi." Kisha arudi kwenye mshahara.

Jumapili moja alinusa mwimo wa mlango wa kanisa wakati watu wanaingia misa, na Padri akamkemea mbele ya waumini wote. Metre akaomba radhi, akaingia, akaimba kwa sauti ile yake nene iliyotikisa mabenchi. Jioni Padri aliniambia, huku akitazama pembeni, kwamba watu walipoondoka naye alinusa ule mwimo, wala hakusikia kitu.

Alikuwa na bustani nyuma ya darasa la tatu. Mbegu zote alizitoa kwenye "posta". Alisema mbegu iliyopita tumboni mwa fungo huota upesi, na huenda ilikuwa kweli, maana mipera yake ilizaa mapera kabla ya ile ya misheni. Watoto waliyala hadi siku Metre mwenyewe, kwa fahari, alipowaeleza yalikotoka. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeyagusa. Yalidondoka, yakaoza, nyuki wakajaa. Mwalimu mkuu alimwuliza kwa nini hakunyamaza tu.

"Nimekuja kufundisha," akajibu. "Kunyamaza ningenyamaza ku Kongo."

Lakini hakupenda kufundishwa. Hilo lazima niliseme, kwa sababu watu wakimkumbuka leo wanamfanya kuwa mtakatifu. Alishikilia kwamba fungo hapandi miti. Mtoto mmoja wa darasa la nne akasema amemwona fungo juu ya mparachichi wa baba yake. Metre akamcheka. Mtoto akarudia. Metre akamwamuru akae chini na asilete uongo mu sayansi. Kwa siku nyingi baada ya hapo nilimwona akitoka jioni, koti begani, kuelekea upande wa nyumba ya mtoto yule, na kurudi amenuna. Hatimaye asubuhi moja alisimama mbele ya darasa, akajifunga tai vizuri, akatoa hotuba fupi kwa Kifaransa, akamwinamia yule mtoto kichwa, kisha akaendelea na somo la maharage. Hakuna aliyeelewa neno hata moja. Mimi ndiye niliyemwuliza baadaye alisema nini.

"Nilisema nilikosa. Kuko fungo ingine, ndogo, ya madoadoa, yenye kukaa mu miti. Aiko ile yangu, lakini ni ndugu yake. Mutoto aliona muzuri."

"Mbona hukumwambia kwa lugha anayoijua?"

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kijiko cha pili cha sukari.

Adui yake mkubwa alikuwa Mama Bwambale, mjane aliyekaa chini ya shule na kuuza mayai sokoni Mpondwe. Kuku wake walilala jikoni, na jiko lake halikuwa na mlango ila gunia lililoning'inizwa. Kila mara manyoya yalipoonekana uani alipanda kilima, akasimama nje ya darasa la Metre na kumwita kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Mwalimu! Nyama yako imekula kuku yangu ingine!"

"Mama, aiko yangu. Mungu ndiye aliiumba."

"Basi ambia Mungu ilipe!"

Siku moja alipanda kimya, na kimya chake kilitutisha zaidi. Alikuwa ameshika kopo la dawa ya pamba, ile ya kuua wadudu shambani. Akasema ataipaka kwenye utumbo wa mbuzi na kuutega nyuma ya jiko, na amekuja kutimiza adabu tu, ili kesho asije akaambiwa hakusema. Metre alitoka darasani. Nilitegemea hotuba ya makucha na vidole. Badala yake alimwuliza, "Mama, watoto wako wa inyumba, wadogo beko ngapi?"

"Beko wengi. Unajua."

"Na utumbo utaweka chini?"

Mama Bwambale akashusha mkono. Akatazama lile kopo, kisha akatazama njia aliyokuja nayo, kama anayewaona watoto wakitambaa kule.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya ugomvi. "Kuku ndiyo shamba yangu. Mume hakuna."

Jioni ile nilisikia nyundo upande wa pili wa ua. Metre alikuwa aking'oa mlango wa jiko lake mwenyewe, mlango mzuri wa mbao za mvule aliopewa na misheni. Aliubeba kichwani hadi kwa Mama Bwambale, akaupigilia misumari kwenye jiko la yule mjane, akaziba matundu ya ukutani kwa mawe na udongo, akamfundisha kufunga kabla jua halijazama. Msimu mzima wa mvua alipika huku mvua ikimwingilia, na mimi nikamwona akiinamia chungu chake kwa koti lile jeusi, maji yakimtiririka mgongoni. Nilimwambia aombe mlango mwingine. Akasema ameshaomba, na Padri amemwambia mlango mmoja unamtosha mwalimu mmoja.

Mama Bwambale hakumshukuru. Alisema kuku bado walikuwa wanaogopa.

Nataka sasa kueleza jambo lililotokea miaka ya mwanzo ya sabini, ambalo bila hilo labda nisingeandika habari zake kabisa.

Ilikuwa saa ya mapumziko, jua limekwisha kupanda. Watoto walikuwa uwanjani, nami nilikuwa barazani nikichonga penseli. Nikasikia shangwe kutoka upande wa darasa la kwanza. Watoto walikuwa wakikimbilia kwenye ukingo wa uwanja wakipiga kelele, "Fungo! Fungo ya Metre!" Kwa miaka yote hiyo walikuwa wamefundishwa juu yake, wamechora uso wake wenye kinyago cheusi na singa zake za mgongoni, wala hawakuwahi kumwona. Sasa yuko hapa mbele yao, mchana kweupe, anakuja kwao kwa hatua za kuyumba.

Metre alitoka ofisini kwa mwalimu mkuu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile.

"Rudini!" alipiga kelele. "Rudini bote! Aiko fungo! Ile ni ugonjwa inatembea!"

Watoto wakubwa walitii. Wadogo hawakuelewa. Mmoja wao, msichana wa darasa la kwanza, alikuwa amekwisha kuchuchumaa na kunyoosha mkono, akimwita mnyama kwa mdomo kama anavyoitwa mwana wa mbuzi. Yule mnyama alikuwa na povu kidevuni na taya lililolegea, singa zimesimama. Metre alikimbia. Mtu yule wa makamo, wa koti na tai, aliuvuka uwanja kama kijana, akamsukuma mtoto kwa goti, na mkono alioutanguliza ndio uliodakwa. Nilisikia sauti yake, si kilio, ila pumzi. Kisha akamwangukia yule mnyama kwa uzito wake wote, akambana shingo kwa mkono mwingine dhidi ya ardhi, akakaa hivyo hadi miguu ikaacha kupiga.

Nilipofika alikuwa bado amelala juu yake. Alikuwa anaongea naye kwa Kinande, lugha ya kwao, polepole.

"Sabuni," akaniambia. "Maji mingi na sabuni. Hapana gusa mate yake. Batoto basiguse."

Tuliuosha ule mkono mpaka ukawa mweupe. Mwalimu mkuu akasimamisha lori la chumvi lililokuwa likitoka mpakani, nasi tukapanda mimi na Metre, tukapita Kinyamaseke, tukapita Kasese, tukaingia lile bonde jembamba la Kilembe, penye hospitali ya mgodi, ambako dada yangu alikuwa ameolewa na mchimba shaba. Karibu na daraja la mto Nyamwamba aliniuliza kama nimewahi kumwona mtu akifa kwa kichaa cha mbwa. Nikasema hapana. Akasema, "Muzuri."

Hospitalini walimlaza pamoja na wachimba migodi wenye miguu iliyovunjika. Dawa ilikuwa ya kuletwa kwa treni kutoka Kampala, na sindano zenyewe zilikuwa za tumboni, moja kila siku, kwa siku nyingi. Metre, aliyemlalia fungo mwenye kichaa, alipoiona ile sindano alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili na kuanza kuimba litania. Wagonjwa wakacheka.

"Mzee, unaogopa sindano kuliko mnyama?" mmoja akamwuliza.

"Nyama ilikuwa mugonjwa," akajibu akiwa amefumba macho. "Huyu muganga iko muzima kabisa, na bado ananichoma."

Nililala kwa dada yangu, na kila asubuhi nilimpelekea uji. Kabla ya kuugusa aliniomba kikombe cha maji. Alikishika, akanitazama machoni, akanywa polepole, funda baada ya funda, hadi tone la mwisho, kisha akanirudishia kikombe na kusema kwa Kifaransa, "Bon." Nilidhani ni kiu ya homa. Muuguzi mmoja, mama wa Kitoro, ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza. Mwenye ugonjwa ule, ukishampanda, hawezi kumeza maji. Koo hukataa, na hata akiyaona hutetemeka. Metre alikuwa anajipima. Na alitaka awepo mtu wa kushuhudia.

Tangu nilipoambiwa hivyo, kushika kile kikombe kulikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikuwa natazama koo lake na kuhesabu mafunda.

Ni pale wodini, akingoja, aliponiambia habari za Beni. Alisema kule alifuga fungo kwa ajili ya tajiri mmoja aliyeuza zabadi. Aliwaweka katika vizimba vyembamba wasiweze kugeuka na kuuma, na mara kwa mara aliwakwangua yale mafuta kwa kijiko cha pembe.

"Nyama ya kutembea usiku yote, unaifungia mu kisanduku," alisema. "Inaanza kuzunguka. Ikizunguka siku mingi, macho yake inakuwa sawa ya mutu amesahau jina yake. Mimi nilikuwa naona. Kila siku nilikuwa naona, na nilikuwa nakwangua."

"Ulikuwa kazini, Metre."

"Ndiyo. Kila mutu iko ku kazi." Akakunja ukingo wa shuka. "Siku vita ilifika, batu bote banakimbia, mimi nikarudi kufungua. Bibi yangu aliniita ku njia, alikuwa na mutoto ku mugongo. Nikasema, nakuja. Nilifungua zote. Zote zilitoka, ila moja. Mulango wazi, na yeye anazunguka tu, anazunguka. Nikamusukuma na muti. Alitoka, akarudi ndani."

Nilingoja aseme habari ya mkewe. Hakusema, nami sikuthubutu kuuliza. Baadaye nilisikia kwa Wanande wengine pale Bwera kwamba aliporudi njiani hakuwakuta, na kwamba hakuwakuta tena.

Siku moja katikati ya wiki za zile sindano, mlango wa wodi ulifunguka akaingia Mama Bwambale, vumbi hadi kwenye nyusi, na kikapu kichwani. Ndani ya kikapu alikuwamo kuku mweupe, mzima, miguu imefungwa. Yule msichana aliyeokolewa hakuwa mjukuu wake, wala hakuwa wa ukoo wake. Alimweka kuku chini ya kitanda, akavuta kiti.

"Ile nyama yako," akasema, "kumbe inakula na walimu."

Metre akacheka hadi akashika tumbo lililojaa vidonda vya sindano.

"Mama, umetoka Bwera na kuku?"

"Nimetoka na kuku. Unataka nitoke na nini? Na mlango?"

Akamchinja nyuma ya nyumba ya dada yangu, akampika kwa karanga, akakaa pale kitandani hadi Metre alipomaliza mchuzi. Hiyo ndiyo shukrani ya pekee ya ule mlango niliyoishuhudia. "Wasingya, Mama," alimshukuru kwa Lhukonzo, na yule mama akamwambia asiongee na chakula mdomoni.

Hakufa. Tulirudi Bwera na kukuta vijana wamewasha moto kwenye mapango ya mlimani kuwaua fungo wote. Wazazi walitaka, na nani angewalaumu. Metre alikwenda huko na mkono uliofungwa bendeji. Nilimsikia akiwaambia, bila hotuba, kwamba fungo anayetembea mchana wampige jiwe bila huruma, na yeye atakuwa wa kwanza, na kwamba anayetembea gizani wamwache, kwa sababu huyo bado ana akili zake. Kisha akawaambia jambo ambalo hawakulipenda: ugonjwa ulitoka kwa mbwa, na mbwa ni wao. Wengine walizima moto. Wengine hawakuzima. Serikali ilipotuma watu wa mifugo kuua mbwa wasio na wenyewe, ni yeye aliyewaonyesha walipolala, na jioni yake alijifungia ndani bila kuwasha taa. Sitasema alishinda. Lakini miaka michache baadaye mapango yale yalikuwa na wenyeji tena.

Zilipokuja nyakati za askari, za kusimamishwa njiani na kuulizwa unatoka wapi, mtu wa Kiswahili cha Kongo aliyezunguka vichakani jioni alikuwa hatarini. Afande mmoja alimkamata karibu na mpaka, akamwambia yeye ni mchuuzi wa kahawa ya magendo, afungue mkono haraka. Akaufungua. Ulikuwa na mavi ya fungo. Wanasema yule afande alicheka akamwachia, lakini Metre alirudi nyumbani na jicho lililovimba, na mwisho wa mwaka huo misheni ikamhamishia mbali na mpaka, juu kule Maliba kwetu. Nilikuwa nimekwisha kuolewa na kuhama. Nilimpoteza kwa miaka.

Nilimwona mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuja kumzika baba yangu. Niliambiwa Metre anakaa nyumba ya mwisho kabla ya msitu, na kwamba haoni vizuri. Nilipanda huko jioni moja baada ya mvua. Nilimkuta kwenye kigoda mbele ya nyumba, tai shingoni, macho yote mawili yamefunikwa na utando kama maziwa. Alinitambua kwa hatua. Tukakaa. Akaniuliza watoto wangu wangapi, wanasoma nini, na kama huko niliko kuna vyura.

Kumbikumbi walikuwa wameanza kutoka ardhini, wakipanda kwa maelfu kutoka kwenye kichuguu kilichokuwa chini ya kahawa, na mwanga ulikuwa bado upo kidogo. Nyasi zikatikisika. Akatoka mnyama mrefu, kichwa chini, mwili wa madoa na milia kama umemwagiwa wino, na nyuma yake wadogo wawili. Kwa miaka yote niliyokaa na Metre sikuwa nimemwona fungo hai asiye mgonjwa hata mara moja.

Nilimshika mkono. Akaelewa.

"Ngapi?" akanong'ona.

"Mama na watoto wawili."

"Sema. Sema yote."

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba mama anaokota kumbikumbi kwa ulimi, bila haraka, na mabawa yamemganda puani. Kwamba mtoto mmoja anaruka kudaka wanaopaa na kuanguka chali, na mwingine amekaa anamtazama. Kwamba singa za mama zimelala kabisa, haogopi. Kwamba kinyago cha uso wake ni cheusi hasa, na juu yake kuna weupe kama wa majivu. Kisha yule mama akainua kichwa, na bila sauti wote watatu wakarudi nyasini, nafasi yao ikabaki tupu.

Nilimtazama Metre. Alikuwa ameinua uso, midomo wazi, kama mtu anayesikiliza kwaya. Sikuweza kumwambia. Nikaendelea. Nikasema yule mdogo mwoga naye sasa amejaribu kuruka, amedaka mmoja, anatafuna. Nikasema mama amewageukia, anawalamba mabawa usoni. Nikasema mengi, hadi giza likaingia na mimi mwenyewe nisione tena hata kichuguu.

Niliponyamaza, alinipigapiga kiganjani.

"Zilienda zamani, Mademazeli," akasema. "Nilisikia majani." Akavuta koti lake karibu na kifua, akajiweka vizuri kwenye kigoda. "Na yule mudogo, ulisema amedaka moja. Kisha akafanya nini?"